Kukata kitenzi cha Kihispania: mkato wa mdomo na mkato wa sarufi

Mtu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, anayeanza Kihispania haji mikono mitupu. Ana Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha shule. Lugha hizo zote mbili zitamsaidia, na zote mbili zitamdanganya, hasa kwenye kitenzi. Vitabu vingi tunavyovipata hapa, vilivyoandikwa kwa Kifaransa, vinatupangia majedwali tukariri: lavo, lavas, lava, lavamos. Unakariri, unafaulu interro (jaribio la darasani), wiki mbili baadaye yote yameyeyuka, kwa sababu hukuonyeshwa neno lenyewe limeungwaje.

Hapa tutashika kisu. Kitenzi cha Kihispania kina mikato miwili. Mkato wa kwanza ni wa mdomo: silabi, jinsi neno linavyogawanyika ukilitamka polepole. Mkato wa pili ni wa sarufi: mzizi uko wapi, wakati uko wapi, nafsi iko wapi. Usiogope, maana mikato hii unaiishi kila siku. Chukua neno "anasoma". Mdomo unasema a-na-so-ma. Sarufi inasema a-na-som-a. Herufi m imehama upande mmoja kwenda mwingine na hakuna aliyelalamika.

Kwenye Kihispania mikato hii huachana zaidi, na kila mmoja una kazi yake. Matamshi na alama za mkazo (kile kistari juu ya irabu, kama é) zinafuata mdomo. Maana inafuata sarufi. Anayetumia mkato mmoja kufanya kazi ya mwingine ataweka alama mahali pasipo pake, kisha atashangaa kwa nini "naosha" imegeuka "aliosha".

Kitenzi chetu cha mazoezi kitakuwa lavar, kuosha. Ni cha kawaida, hakina ukaidi, na mtu wa mji huu hawezi kukisahau: lava kwa Kihispania ni "anaosha", na pia ni yale mawe meusi ya volkano yetu, Nyiragongo, tuliyoyajengea nyumba na kuta za parseli. Chukua kaye (daftari) na biki (kalamu), kwa sababu hatua hizi hazifanyiki kwa macho peke yake.

Hatua ya 1: Hesabu irabu unazozisikia

Andika kitenzi, kitamke kwa sauti, piga mstari chini ya kila irabu unayoisikia. Kila silabi ya Kihispania inahitaji irabu ndani yake. Sisi tuna m-tu, n-chi, m-bwa, ambapo m au n inasimama yenyewe kama silabi. Kihispania hakina kitu hicho hata kidogo. Ukiona m au n, ujue inaegemea irabu fulani, ama iliyo mbele yake ama iliyo nyuma.

Herufi kadhaa zinaonekana lakini hazisikiki. H ni bubu kila mahali: hablar inatamkwa "ablar". U ni bubu baada ya q, na ni bubu pia kati ya g na e au g na i. Kwa hiyo seguir (kufuata) ina silabi mbili, se-guir, na i ndiyo irabu pekee inayosikika katika ile ya mwisho. Busqué (nilitafuta) ni bus-qué. U ikivaa nukta mbili, ü, basi inasikika: averigüé (nilichunguza).

Upande wa konsonanti, ch, ll na rr ni sauti moja moja, hazitenganishwi kamwe. Lla-mar (kuita), co-rrer (kukimbia), e-char (kutupa). Aliyezoea ch na sh za Kiswahili hatapata shida hapo.

Hatua ya 2: Gawa konsonanti, na ujihadhari na mb, nd, mp

Konsonanti moja kati ya irabu mbili inaenda kulia. La-vo, la-vas, la-va-mos, co-me, vi-vi-mos. Mpaka hapa ni Kiswahili kitupu, na ndiyo maana watu wetu wanatamka lavamos vizuri tangu siku ya kwanza.

Zikiwa mbili, zinaachana: moja inabaki kushoto, nyingine inaenda kulia. Can-to (naimba), gus-ta (inapendeza), bus-co (natafuta), es-tu-dio (nasoma). Angalia hiyo s: inabaki na irabu iliyotangulia. Hakuna neno la asili la Kihispania linaloanza kwa s ikifuatwa na konsonanti nyingine. Ndiyo sababu wanasema es-cri-bir (kuandika), es-pe-rar (kungoja).

Kuna jozi kumi na mbili zisizokubali kuachana, zote zikiwa na r au l nyuma: pr, br, tr, dr, cr, gr, fr, pl, bl, cl, gl, fl. Ha-blo (naongea), a-bro (nafungua), lo-gro (nafaulu). Kifaransa kina jozi zizo hizo, kwa hiyo hili la shule litakusaidia: "ta-bleau" na ha-blo vinakatwa sawasawa.

Sasa tufike pale tunapoanguka wengi. Kwenye Kiswahili mb, nd, ng, mp ni kifurushi kimoja kinachoanza silabi: ka-mba, ku-pe-nda, nyu-mba. Kihispania kinazivunja. Vendo (nauza) ni ven-do. Rompo (navunja) ni rom-po. Cambio (nabadilisha) ni cam-bio. Dada mmoja wa Majengo aliniuliza hivi tukiwa mezani na kaye zetu:

– Mwalimu, miye nasikia ve-ndo kabisa, sisikii ven-do.

– Unasikia hivyo, mama, kwa sababu masikio yako yamekulia kwenye "penda". Tamka ven kwanza, simama, ulimi ubaki juu nyuma ya meno. Sasa ongeza do.

Akafanya hivyo mara kadhaa, ulimi ukakubali. Zoezi hili ni la mdomo na halina njia ya mkato. Simama baada ya n, hesabu moja kimoyomoyo, endelea. Ukishazoea, unaacha kusimama.

Zikiwa konsonanti tatu, angalia kama mbili za mwisho ni jozi isiyoachana. Ikiwa ndiyo, jozi inaenda kulia na iliyobaki inakaa kushoto: com-pro (nanunua), en-tro (naingia), en-con-tra-mos (tunakuta). Ikitokea ns au bs mbele ya konsonanti nyingine, s haitoki kwa mwenzake: trans-por-to, cons-tru-yo (najenga), abs-trai-go. Maneno hayo ni machache. Yakikupita, hutakufa.

Hatua ya 3: Irabu mbili zikikutana

Hapa chukua muda wako. Kwenye Kiswahili kila irabu ni silabi: ki-o-o, u-a, ta-a, ku-u-li-za. Ukipeleka sheria hiyo kwenye Kihispania utapatia nusu na kukosea nusu.

Kihispania kinagawa irabu katika makundi mawili. A, e, o ni zenye nguvu. I na u ni dhaifu.

Mbili zenye nguvu zikikutana kila moja inakaa kwake, kama kwetu: le-o (nasoma), le-e-mos (tunasoma), ca-e (anaanguka), tra-en (wanaleta), cre-o (naamini).

Dhaifu ikikutana na yenye nguvu, nayo dhaifu haina alama ya mkazo, zinakaa silabi moja. Jaribio langu la hapo ni hili: andika neno kwa tahajia ya Kiswahili na uone kama i inaweza kugeuka y, au u kugeuka w. Puedo (naweza) unaliandika "pwedo", na unaona mara moja ni pwe-do, kama pwa-ni. Pienso (nafikiri) ni "pyenso". Cambio ni "kambyo", estudio ni "estudyo". Panapokubali w au y, hesabu silabi moja.

Dhaifu ikivaa alama, imepata nguvu na inajitenga. Comía (alikuwa anakula) huwezi kuiandika "komya", kwa sababu mkazo wote umekaa juu ya í: co-mí-a. Vivían ni vi-ví-an. Envío (natuma) ni en-ví-o.

Basi weka cambio na envío pamoja. Vyote vinatoka kwenye vitenzi vya -iar, cambiar na enviar, na ukitazama umbo la kamusi huwezi kujua kipi kitafanya nini. Estudiar, limpiar, copiar, anunciar vinafuata cambio. Confiar, guiar, variar, esquiar vinafuata envío: confío, guío, varío, esquío. Kwa -uar kuna msaada kidogo: vinavyoishia -guar havijitengi (a-ve-ri-guo), ilhali continuar na actuar vinajitenga (con-ti-nú-o, ac-tú-o). Mengine ni ya kujifunza pamoja na kitenzi. Mimi huandika vitenzi vya aina hii kwenye kaye kwa nafsi ya kwanza, si kwa umbo la kamusi, na nadhani walimu wote wangefanya hivyo.

Mbili dhaifu zilizo tofauti zinaungana: cui-do (natunza), cons-truir. Hapo Real Academia Española, chuo kinachosimamia kanuni za Kihispania, ilikata shauri kwenye kanuni za tahajia za mwaka 2010: kwa upande wa maandishi, muungano kama huo, na ule wa dhaifu isiyo na mkazo na yenye nguvu, ni silabi moja hata kama wewe mdomoni unasikia mbili. Kwa hiyo hui (nilikimbia) na rio (alicheka) haviandikwi tena na alama, ingawa vitabu vya zamani vinavyouzwa kwenye vibanda vyetu bado vinaonyesha huí na rió. Usichanganye rio na río, "nacheka", ambayo ni rí-o na alama yake inabaki.

H bubu haitenganishi kitu: prohibir ni prohi-bir. Lakini prohíbo ni pro-hí-bo, kwa sababu ya alama.

Ukitaka kitenzi kimoja kinachokuonyesha mambo haya yote, chukua oír, kusikia. Mimi ningekiweka ukutani.

O-ír: í ina alama, inajitenga, silabi mbili. Oi-go, nasikia: i haina alama, imeungana na o, silabi mbili lakini mkato uko kwingine. O-yes, o-ye: hapa i imesimama kati ya irabu mbili bila mkazo, na Kihispania hakiipendi hapo, kinaigeuza y, konsonanti kamili inayoanza silabi mpya. O-í-mos: í imerudi na alama, silabi tatu. O-yen. Ukienda wakati uliopita: o-í, o-ís-te, o-yó, o-í-mos, o-ye-ron. Ukielewa kwa nini oyó ina y na oí haina, umeelewa pia leyó (alisoma), cayó (alianguka), creyeron (waliamini) na construyó (alijenga). Kiambishi kilipaswa kuwa -ió, lakini i ilijikuta kati ya irabu mbili.

Irabu tatu katika silabi moja, kama cam-biáis, utakutana nazo kwenye nafsi ya vosotros, "ninyi" ya Hispania. Amerika ya Kusini hawaitumii, wanasema ustedes. Ziruke kwa sasa.

Hatua ya 4: Hesabu kutoka mwisho, weka mkazo

Sasa una silabi zako. Anza kuhesabu kutoka kulia.

Neno likiishia irabu, n au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho: LA-vo, LA-vas, la-VA-mos, LA-van. Ni mkazo uleule wa Kiswahili. Likiishia konsonanti nyingine, mkazo unaenda mwisho: la-VAR, co-MER. Y ya mwisho inahesabiwa kama konsonanti, kwa hiyo estoy ni es-TOY bila alama. Neno lolote linalokataa sheria hizi mbili linaandikwa alama.

Kitu kinachotusumbua hapa mjini ni kwamba tunavutwa pande mbili. Kiswahili kinavuta mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa kinauvuta mwisho kabisa. Mtu aliyekulia Birere na kusomea Kifaransa anaweza kusema lavo kwa namna mbili ndani ya sentensi moja bila kujua. Na kwenye Kihispania namna hizo mbili ni maneno mawili:

LA-vo ni naosha. La-VÓ ni aliosha.
LA-ve ni (kwamba) aoshe. La-VÉ ni niliosha.
La-VA-ra ni (kama) angeosha. La-va-RÁ ni ataosha.

Nafsi imebadilika, wakati umebadilika, na herufi ni zilezile. Kuna hata maneno yanayojigawa mara tatu: TÉR-mi-no (mwisho, kikomo), ter-MI-no (namaliza), ter-mi-NÓ (alimaliza). Kwa hiyo alama ya mkazo si urembo unaoweza kuacha ukiandika haraka kwenye simu.

Kumbuka kwamba alama ina kazi mbili. Kwenye lavábamos (tulikuwa tunaosha) inaonyesha mkazo umepanda hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: la-VÁ-ba-mos. Kwenye comían mkazo uko pale pale pa kawaida, pa pili kutoka mwisho, co-MÍ-an, na alama imewekwa ili í isimezwe na a. Wanafunzi wengi wanajua kazi ya kwanza tu, kisha wanaandika "comian" na kulaumu sheria.

Hatua ya 5: Sasa kata kwa sarufi, ukianzia nyuma

Andika neno upya kwenye mstari wa chini. Usikate juu ya silabi ulizokwisha kuandika, utachanganya.

Kitenzi cha Kiswahili kinaanza na mtu: tu-ta-osh-a. Nafsi, wakati, mzizi, irabu ya mwisho. Cha Kihispania kinaanza na kazi na kumalizia na mtu: lav-a-re-mos. Ukiisoma kutoka kulia: mos ni "tu", re ni "ta", kisha lav-a ni "osh-a". Vipande ni karibu vilevile, foleni imegeuzwa. Mkongo anayezungumza Kiswahili anaelewa jambo hili haraka kuliko anayetegemea Kifaransa peke yake, ambacho kimepoteza sauti nyingi za mwisho na lazima kiseme "nous" mbele. Kihispania hakihitaji kusema nosotros, kama sisi tusivyohitaji kusema "sisi tutaosha".

Basi anza mwisho wa neno, tafuta mtu. S ni wewe. Mos ni sisi. N ni wao, au ustedes. Is ni vosotros. Ikiwa hakuna kitu, ni yeye, au ni mimi katika nyakati kadhaa. Alama hizi zinafanya kazi karibu kila wakati: lava-s, lavaba-s, lavará-s, lavaría-s. Kaidi ni wakati uliopita wa tendo lililokwisha, wenye vipande vyake: lav-é, lava-ste, lav-ó, lava-mos, lava-ron.

Ukishaondoa mtu, tafuta wakati. Ba ni kilichokuwa kinaendelea, kwa vitenzi vya -ar: lav-á-ba-mos. Kwa -er na -ir ni ía: com-ía-mos, viv-ía-n. Katika wakati huo vitenzi visivyofuata sheria ni vitatu tu, ser, ir na ver (era, iba, veía), jambo la kushukuru. Re au rá ni wakati ujao. Ría ni "-nge-": lav-a-ría-mos, tungeosha. Wakati uliopo hauna kipande, mahali pake pako wazi.

Irabu inayobaki kati ya mzizi na wakati inakuambia kitenzi ni cha ukoo gani: a kwa -ar, e kwa -er, i kwa -ir, ingawa hiyo ya mwisho hujificha mara nyingi (vive, viven).

Wakati ujao una asili yake. Umetokana na umbo la kamusi kuunganishwa na kitenzi haber, kuwa na: lavar + he, has, ha, hemos, han. H bubu ikadondoka, ikabaki lavaré, lavarás, lavará, lavaremos, lavarán. Ndiyo maana mkazo wa wakati ujao uko daima nyuma ya ile r, na ndiyo maana lavaremos haina alama na wengine wote wanayo: la-va-RE-mos ni ya pili kutoka mwisho na inaishia s.

Weka mistari yako miwili juu na chini uone. Mdomo: can-to. Sarufi: cant-o. Mdomo: ha-bla-mos. Sarufi: habl-a-mos. Mdomo: com-prá-ba-mos. Sarufi: compr-á-ba-mos. Konsonanti ya mwisho ya mzizi karibu kila mara inakimbilia silabi inayofuata, kama ile m ya "anasoma".

Usijaribu mkato huu kwa fui, fue, fuimos, fueron. Hayo ni maneno ya kumeza mazima, na ser na ir wanayatumia kwa pamoja.

Mikato miwili inapokutana

Hadi hapa nimekuambia uitenganishe. Lakini kuna mahali mkazo, ambao ni kitu cha mdomo, unaingia kwenye mzizi na kuubadilisha.

Chukua poder, kuweza: PUE-do, PUE-des, PUE-de, po-DE-mos, PUE-den. Vitabu vinaita hiki kitenzi kisichofuata kanuni, na mimi sikubaliani. Mkazo ukiangukia mzizi, o inafunguka kuwa ue. Mkazo ukihamia kiambishi, o inabaki. Ni hivyo hivyo kwa pensar: PIEN-so lakini pen-SA-mos, na dormir: DUER-mo lakini dor-MI-mos. Sheria haisemi ni vitenzi vipi. Comer haifanyi hivyo, ni CO-mo tu. Kamusi ya Real Academia Española iko bure kwenye intaneti, inaonyesha majedwali, angalia mara moja kisha sheria inakufanyia yaliyobaki.

Jambo hili linaeleza Kihispania ambacho baadhi yetu tulikisikia kwanza. Kwa miaka mingi kikosi cha Uruguay kilikaa Goma chini ya MONUSCO, jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa, na wapo waliookota maneno yao ya mwanzo kwa askari hao: vos tenés, vos podés, vos sabés. Ukifungua kitabu unakuta tienes, puedes, sabes, unadhani askari waliongea vibaya. La hasha. Vos ni "wewe" wa Uruguay na Argentina, na kiambishi chake kinabeba mkazo: po-DÉS, te-NÉS, pen-SÁS, dor-MÍS. Mkazo haukugusa mzizi, kwa hiyo mzizi haukufunguka. Aliyejifunza hivyo asijisahihishe, ila achague upande mmoja.

Kuna badiliko jingine kwenye mzizi ambalo ni la maandishi tu. Busco lakini busqué, pago lakini pagué, empezar lakini empecé, seguir lakini sigo. Sikio halisikii konsonanti ikibadilika. Mzizi umelinda sauti yake, na herufi ndizo zilizolazimika kuhama, kwa kuwa c mbele ya e haitamkwi k.

Hatua ya 6: Viambishi vya mtendwa vinavyonata nyuma

Sisi tunamweka mtendwa katikati: ni-ta-ku-on-a. Kihispania kinamnatisha nyuma, na ni katika sehemu tatu tu: umbo la kamusi (lavarme), -ndo (lavándome) na amri ya kukubali (lávame). Kwingine anasimama mbele, peke yake: me lava.

Kiswahili kinakubali kiambishi kimoja tu cha mtendwa. Kihispania kinakubali viwili kwa mpigo: dámelo, "nipe hicho", ni da-me-lo, kutoa, mimi, hicho. Kila kimoja kinaongeza silabi lakini mkazo hauondoki ulipokuwa, kwa hiyo neno linarefuka mkiani na alama inahitajika. Da-me haihitaji alama, dá-me-lo inahitaji. De-cir-le haihitaji, de-cír-se-lo inahitaji. Hapa kanuni ya kuhesabu kutoka mwisho inatosha, usikariri orodha.

Na yule wa Uruguay? Amri yake kwa vos ni la-VÁ, mkazo mwisho. Akiongeza te, inakuwa la-VA-te, ya pili kutoka mwisho, bila alama. Mhispania anasema LÁ-va-te. Ukiona "lavate las manos" kwenye bango la Montevideo, hakuna kosa la tahajia.

Ukikata neno mwisho wa mstari

Unapoandika kwa mkono na mstari umekwisha, kata kwenye silabi, lakini usiache irabu moja peke yake na usitenganishe irabu zinazogusana, hata kama ni silabi tofauti. Oíamos ina silabi nne, o-í-a-mos, ila mwisho wa mstari mahali pekee pa kukata ni oía-mos.

Jaribu mwenyewe

Funika mistari ya chini kwa mkono. Kata kwa mdomo kwanza, weka mkazo, halafu kata kwa sarufi: vendemos, empiezan, continúas, escribiríamos, leyeron, despertándote, copiabas.

Vendemos: ven-DE-mos, vend-e-mos. Kama uliandika ve-nde, rudi hatua ya 2.
Empiezan: em-PIE-zan, empiez-a-n. Mkazo uko kwenye mzizi, ndiyo sababu ya ie.
Continúas: con-ti-NÚ-as, continú-a-s.
Escribiríamos: es-cri-bi-RÍ-a-mos, escrib-i-ría-mos, tungeandika.
Leyeron: le-YE-ron, le-ye-ron. Mara hii mikato miwili imeangukia mahali pamoja, jambo la nadra.
Despertándote: des-per-TÁN-do-te, despert-á-ndo-te. N na d ziko pamoja kwa sarufi, zimeachana kwa mdomo.
Copiabas: co-PIA-bas, copi-a-ba-s. Mzizi unaishia i, irabu ya ukoo ni a, na mdomo umezifunga zote mbili katika silabi moja, hivyo kisu cha sarufi kinapita katikati ya PIA. Ukiweza kueleza mkato huo kwa mwenzako bila kutazama karatasi, anza sasa na estudiábamos na limpiaron.